Barua ya wazi kwa wenye banda la wasanii Liwale: mwacheni bibi apige debe lake

Kwa Ndugu Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi,
Mpango wa Ukaazi wa Wasanii Porini,
Liwale, Mkoa wa Lindi.

YAH: SAA ZA KIMYA, SHAMBA LA BIBI, NA MENGINE MANNE

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchongaji, Mmakonde, naishi Mikindani. Nilikuwa mmoja wa wasanii wanne mliowapeleka kuishi na kufanya kazi kwenye banda lenu msimu uliopita wa mvua, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi. Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliiandika kwa mkono tukiwa bado kulekule, nikamkabidhi mratibu wenu. Ya pili niliituma kwa barua pepe mwezi wa tano, nikajibiwa mstari mmoja: mnashukuru kwa maoni, mnathamini safari yangu ya ubunifu. Mara ya tatu nilipanda daladala hadi Mtwara mjini kwa miadi mliyoipanga wenyewe, nikakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, ndipo nikaambiwa mkurugenzi kasafiri. Nimeona sasa niandike mahali ambapo na wengine watasoma.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Banda ni zuri. Fundi aliyelijenga anaijua kazi: nguzo imara, paa la nyasi, sakafu imeinuliwa kiasi cha mtu mzima kupita chini yake bila kuinama. Kwa anayetoka mbali ni kitu kipya. Kwa mtu wa kusini ni dungu, lile dungu la kulindia shamba, ila hili limewekwa kitanda cha sita kwa sita na chandarua. Nililala vizuri, nilikula vizuri, na kwa wiki sita nilichonga vitu viwili ambavyo hapa Mikindani, pamoja na wateja, watoto na honi za bodaboda, vingenila nusu mwaka. Kwa hiyo asitokee mtu akasema huyu ana chuki na mpango. Nikiitwa tena nitakwenda, haya yakirekebishwa.

1. Saa za kimya

Ukurasa wa kwanza wa kanuni zenu unasema kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa za kimya. Hakuna redio, hakuna jenereta, hakuna tezo. Kwetu sisi wakaazi sawa, mgeni hufuata sheria ya mwenye nyumba. Shida ni kwamba mwezi wa pili sheria hiyo ilitoka nje ya nyumba.

Huenda wajumbe wa bodi hamjafika, basi niwachoree ramani. Kwenye picha zenu banda liko katikati ya pori lisilo na mwisho. Picha zote zimepigwa kuelekea magharibi. Ukigeuka mashariki, hatua kama mia nane tu, kuna mashamba ya mahindi na ufuta, na kisima ambacho na sisi tulikuwa tukichota. Haikuwa bahati mbaya, maana hakuna mtu anayejenga mbali na maji. (Siku ya kupiga picha za tangazo, mpishi aliambiwa aondoe ndoo yake ya plastiki nyekundu isionekane. Ndoo hiyohiyo ndiyo iliyoleta maji ya chai iliyopigwa picha.)

Mwezi wa pili mahindi yanabeba, na ndio mwezi wa kulinda. Mchana ni nyani na tumbili, usiku nguruwe, na siku hizi tembo, ambao Liwale na Nachingwea wanafika mpaka nyuma ya nyumba za watu. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 na zaidi kwa siku, na ekari ya mahindi mabichi kwake ni kama sahani iliyokwisha pakuliwa. Kila shamba lina dungu, na kila dungu lina debe bovu na fimbo.

Nataka mlielewe debe hilo, kwa sababu mratibu wenu alilieleza kwa wageni kuwa ni "kelele za asili za kufukuza wanyama". Tembo huzoea kelele, kila mtu Liwale anajua, ndiyo maana watu wanatumia pia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki, na kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili kikachomwa kitoe moshi. Lakini debe, kabla halijamfukuza tembo, linaita watu. Anayeona kwanza anapiga, dungu la pili linapokea, la tatu linapokea, hadi sauti inaingia kijijini na vijana wanatoka na tochi. Debe ni simu ya watu ambao kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu.

Miongoni mwetu alikuwapo mgeni kutoka Ulaya, mtu wa kurekodi sauti. Mtu mpole. Kila asubuhi alikuwa akiniamkia "shikamoo" ingawa mvi zake zinanizidi, nami nilichoka kumsahihisha nikawa naitikia tu. Aliomba apate usiku kadhaa usio na sauti ya binadamu. Kuomba si kosa. Mratibu wenu, akifuatana na mjumbe mmoja wa kitongoji, akapita kwenye madungu matano ya karibu, akatoa shilingi 10,000 kwa kila moja, wasipige debe wala wasipaze sauti kwa siku tatu. Kwa kuwa mjumbe alikuwapo, watu walielewa kuwa serikali imesema.

Usiku wa pili tembo waliingia. Bibi mwenye shamba la kwanza aliwaona. Alikuwa juu ya dungu na mjukuu wake wa miaka tisa. Aliniambia alishika fimbo, akaiweka chini, akaishika tena. "Mwanangu, nilijiuliza, nikipiga watanidai ile hela? Na nimeshanunua mafuta na sabuni." Mwishowe alipiga. Hakuna dungu lililopokea. Madungu mengine nayo yalikuwa yamelipwa.

Asubuhi nilikwenda kisimani nikaona. Nyayo kubwa sawa na sinia la pilau, kila moja imejaa maji ya mvua. Mabua yamelala upande mmoja. Mahindi mengine yameng'atwa nusu na kutupwa, maziwa ya punje bado mabichi. Bibi alikuwa akiokota yaliyosalimika, anayaweka kwenye kanga yake, na midomo inacheza. Nilidhani anaomba dua. Alikuwa anahesabu. Ekari moja na nusu, alitarajia gunia sita. Alipata pungufu ya gunia moja, tena la kuchemsha, si la kuweka ghalani.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya niache kunyamaza. Jioni moja baadaye mgeni alituwekea spika ndogo barazani akatusikilizisha usiku ule. Vyura, nyenje, bundi, ngurumo za mbali. Kisha ikaja sauti ya vitu kuvunjika, tena na tena. Akatabasamu, akasema hao ni tembo, wanavunja matawi. Mimi nimekulia shambani Newala. Tawi hulia kavu. Bua bichi la mahindi lina maji ndani, huvunjika kwa sauti ya mtu anayetafuna muwa. Na nyuma yake kabisa, ukitega sikio, debe. Mara tatu, kimya, halafu mara moja. Akaniuliza kile ni nini. Nikamwambia. Alizima spika, na chakula cha usiku hakula.

Nikadhani yameishia pale. Mwezi wa tano nikaona kwenye tangazo lenu kwamba rekodi ile inasikilizishwa kwenye maonyesho huko nje, na maelezo yake, kwa tafsiri yangu, yanasema ni usiku mmoja katika pori lisilo na binadamu. Nimesikiliza kipande mlichokiweka. Mabua yapo. Debe limekatwa. Nani amelikata, mtajibu wenyewe.

Nyinyi kupigia debe mpango wenu mmeona ni halali. Bibi kupiga debe lake mkamlipa anyamaze.

2. Hilo neno "pori lisiloguswa"

Limo kwenye kila karatasi yenu. Nawaomba mkifika mzunguke nyuma ya banda, mhesabu miembe. Mimi nilihesabu kumi na mmoja, na saba kati yake imesimama kwenye mstari. Miembe haijipangi. Pale ni mahame, palikuwa kijiji. Mzee mmoja alinionyesha alipozaliwa baba yake, ambapo sasa ndipo mlipofunga bembea ya kamba ya kupumzikia wageni. Hakukasirika. Alicheka, akasema afadhali pamepata mtu wa kulala.

Watu wale hawakuondoka kwa kuchoka na kwao. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoiacha ikaingizwa kwenye hifadhi ya Selous. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, waliobaki wametawanyika wakakusanywa. Kabla ya yote hayo Vita vya Majimaji, vilivyoanza 1905, vilipita hapohapo, na baada ya vita njaa. Pori lile lina ukimya kwa sababu watu walitolewa. Msanii akija kutafuta ukimya huo ana haki ya kuambiwa ulikotoka, pengine angeandika au kuchora kitu bora zaidi.

Na sisi wa kusini kuambiwa nchi yetu tupu hatujaanza leo. Mwaka 1947 Waingereza walitazama nyika ya Nachingwea wakaona mahali pa kupanda karanga za kulisha kwao. Wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili yake, na kufika 1951 mradi ulikuwa umekwisha kufa. Bandari ilibaki, reli iling'olewa. Na pale kilima cha Tendaguru, hukuhuku Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na watu wetu wakaibeba mabegani na vichwani hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Mmoja wa mijusi hao anasimama leo Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Jina lake lilipewa mjusi mmoja wa Tendaguru mwaka 2007, karibu miaka mia moja baada ya kazi. Nayataja haya kwa sababu ya rekodi. Nilipomuuliza bibi kama angependa jina lake litajwe kwenye maonyesho alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Jina langu halisongwi ugali," akasema. Basi nami sidai jina. Nadai mahindi, na nadai lile sentensi la uongo liondoke.

3. Gogo la mpingo

Hapa nalia kwa ajili yangu. Mlituahidi vifaa vya kazi. Siku ya tatu vijana wawili walinishushia gogo la mpingo kwenye varanda, zito kama maiti, moyo mweusi mzuri ajabu na ganda la nje jembamba. Nilifurahi kama mtoto. Gogo la namna ile siku hizi Mtwara hulipati. Wengi wetu tunachonga vipande vya mizizi. Nilipoligeuza nikatafuta alama ya nyundo, ile inayogongwa kwenye gogo lililokatwa kwa kibali. Hakuna. Nikamuuliza mratibu kibali, akasema kila kitu kiko sawa, karatasi ziko ofisini.

Ndugu Mkurugenzi, mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuuzwa. Ni mti wa taifa, ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, na kwa Sheria ya Misitu ya 2002 haukatwi wala hausafirishwi bila leseni na hati. Mchongaji anayejiheshimu anajua hilo kabla hajajua kushika patasi, maana ndiye anayekamatwa. Mkataji yuko porini, mnunuzi yuko hotelini, mchongaji yuko kwenye basi na mzigo wake umefungwa kwenye kiroba.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipokuwa narudi, kwenye kizuizi walinishusha. Maofisa walifanya kazi yao, siwalaumu, tena walinisikiliza. Lakini karatasi zilizokuwa "ofisini" hazikupatikana siku hiyo wala siku iliyofuata, na simu ya mratibu iliita bila kupokelewa. Kazi zangu zote mbili zilibaki pale. Moja ilikuwa nguzo ya watu, ule mtindo tunaouita ujamaa, watu kumi na wanne wamebebana, na juu kabisa mwanamke amekaa kwenye dungu na debe mapajani. Nilikuwa sijaupiga msasa uso wake.

Wala msiseme mpingo halali haupatikani. Wilaya jirani tu, Kilwa, vijiji vinamiliki misitu yao na vinauza mpingo wao, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha misitu inayosimamiwa vizuri. Mngenunua gogo lenye nyundo, kijiji kingepata fedha, mimi ningefika Mikindani na mzigo wangu. Mlichookoa ni kidogo sana.

4. Usalama

Sitakaa sana hapa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta, mafuta ya mbu na mkasi. Gari lilikuwa linakuja Jumamosi. Mchoraji mwenzangu kutoka Lindi alipata homa siku ya Jumapili, akapelekwa zahanati kwa bodaboda kwenye utelezi, mimi nimekaa nyuma yake nimemshika asianguke. Ilikuwa malaria, alipona. Angeumwa na koboko, tusingekuwa tunaandikiana barua ya namna hii. Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale ni zaidi ya kilomita 200, na msimu wa mvua kila anayeipita anajua inavyokuwa. Mtu anayepeleka watu mahali pale msimu ule bila gari na bila redio ya mawasiliano anacheza bahati nasibu kwa tiketi za wenzake.

5. Majina na posho

Kwenye orodha yenu wageni wawili wameandikwa "wasanii wakaazi". Mimi na yule mchoraji tumeandikwa "washiriki wa jamii". Nimechonga miaka ishirini na sita, na jamii ya Liwale si yangu zaidi ya ilivyo ya mtu wa Ulaya. Mimi ni mtu wa Newala, Kingindo sikijui hata salamu. Posho nayo ilifuata majina. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tisa, tukapewa jioni tusaini asubuhi. Nilisaini. Hilo ni kosa langu.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu mratibu amekwisha nijibu hivyo kwa mdomo.

Mtasema kijiji kilikubali. Kijiji kipi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Niliuliza wazee watatu na akina mama wa kisimani lini waliitwa mkutanoni kuhusu banda. Wanakumbuka mkutano wa pembejeo, wanakumbuka wa choo cha shule. Wa banda hawaukumbuki. Kama upo muhtasari wenye mahudhurio, utoeni tu, nami nitaomba radhi hapahapa.

Mtasema tembo si mali yenu, na kwamba serikali ina kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao. Ni kweli, kanuni zipo tangu 2011. Lakini kifuta jasho ni cha aliyelinda akashindwa. Huyu alilipwa asilinde. Ofisa akimuuliza bibi kwa nini hakupiga debe mapema, aseme nini? Na akisema kweli, nani atakuwa matatani, yeye au nyinyi?

Mtasema shilingi 10,000 aliipokea kwa hiari yake. Mjukuu ndiye aliyepokea, na mjumbe akiwa amesimama pembeni. Aliyewahi kuishi kijijini anajua hiari ya namna hiyo.

Mtasema mpango umeleta ajira. Mpishi mmoja na walinzi wawili, nawajua, ni watu wazuri na wanalipwa kwa wakati, nawapongeza. Mlinzi mmoja ni mtoto wa dada wa bibi huyohuyo. Usiku ule alikuwa zamu bandani, analinda kimya.

Mtasema wageni hawatakuja wakiambiwa kuna madebe. Hapo sikubaliani nanyi hata kidogo. Yule bwana wa sauti, siku ya pili baada ya kuambiwa ukweli, alikwenda shambani na mashine yake, akakaa juu ya dungu na bibi hadi usiku wa manane, akarekodi madebe yakipokezana kutoka dungu hadi dungu. Niliisikia hiyo nayo. Inaanza mbali kabisa, inakuja, inapita juu ya kichwa, inaishia kijijini kwa mbwa na vijana wanaotukana. Ni kazi nzuri kuliko ile ya kwanza mara kumi. Hamkuitangaza.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, bibi alipwe gunia tano za mahindi, au thamani yake kwa bei ya sokoni ya mwezi wa kwanza, wakati ghala linapokuwa tupu, si bei ya mavuno. Alipwe mkononi mwake mwenyewe, mbele ya majirani zake.

Pili, saa za kimya ziishie kwenye ngazi za banda. Mtu yeyote wa mpango asimlipe wala asimwombe mwanakijiji asilinde shamba lake, hata kwa saa moja.

Tatu, na hili ni ushauri zaidi ya dai: hamisheni msimu. Mnakuja na mvua kwa sababu pori ni kijani na picha zinapendeza. Njooni mwezi wa nane na wa tisa. Mahindi yako ghalani, ufuta umeuzwa, watu wana nafasi na wana fedha kidogo, barabara inapitika. Nyasi zitakuwa kavu, ndiyo. Lakini ndio wakati wa ngoma na jando pia. Wageni wenu hawatapata kimya, watapata kitu cha kusikiliza.

Nne, maelezo ya rekodi yabadilishwe kila inaposikilizishwa, na neno "lisiloguswa" liondoke kwenye karatasi zenu. Kama mnataka maneno ya kuweka badala yake, yule mzee wa miembe yupo, anaongea vizuri, na atawadai soda tu.

Tano, mtafute karatasi za gogo lile, au mkiri kwa maandishi kwa wanaohusika kwamba gogo mlilileta nyinyi. Nyundo yake ilipaswa kupigwa kabla halijafika kwangu. Nataka kazi zangu, na kama zimetaifishwa, basi jina langu lisiwe ndilo lililobaki kwenye kitabu pale kizuizini.

Sita, mkataba wa Kiswahili, jina moja kwa wasanii wote, posho moja, gari linalolala bandani na redio ya mawasiliano. Haya sidhani kama yanahitaji maelezo.

Natoa siku 30. Mwezi wa kumi na mbili watu wa Liwale wanapanda, na tangazo lenu linasema awamu ijayo inaanza Januari. Nisiposikia kitu, nitakwenda kijijini kwa nauli yangu, nitaomba nafasi kwenye mkutano mkuu, nami nitaisoma barua hii mbele ya watu kama ilivyo, kisha nitakaa chini niwasikilize wao.

Bibi anawasalimu. Nilimpigia kupitia simu ya mjukuu, aliyepanda juu ya kichuguu, kumwambia kwamba naandika. Akaniambia niwaulize kama yule mzungu wa mashine atarudi, maana aliacha koti lake la mvua kwenye dungu, na yeye amelitunza.

Wenu katika kazi,

Mchongaji, Mikindani, Mtwara
(kwenye orodha yenu: "mshiriki wa jamii" namba 2)

Nakala:
Serikali ya kijiji husika, ibandikwe ubaoni
Ofisa Utamaduni wa Wilaya
Ofisa Misitu wa Wilaya
Mchoraji mwenzangu, Lindi
Bwana wa sauti, kwa barua pepe, pamoja na habari ya koti